Maji Yalipofika

Baba yangu watu walimwita Mzee Chumvi, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Mbwa akimbwekea njiani, hadi kufika nyumbani keshakuwa chui. Alikuwa fundi baiskeli, na kwenye karakana yake hawakukosekana watu ambao baiskeli zao hazina ubovu wowote, walifuata maneno. Mimi ndiye mwanawe wa pekee, afisa ardhi wa halmashauri ya wilaya, kazi inayotaka kitu kisemwe kilivyo. Baba alikuwa akisema nimemrithi mama, na hakusema kwa kunisifu.

Hadithi yake kubwa ilikuwa ya mafuriko yaliyotokea kabla sijazaliwa. Nimekua nayo: kuku juu ya paa, sufuria inaelea na mwiko wake ndani, jirani aliyeokoa redio akamsahau mama mkwe. Na maji, katika hadithi hiyo, yaliishia kwenye mipapai, kule chini mwisho wa shamba. Mama alifariki mwaka jana, na tangu hapo maji yakaanza kupanda. Kwanza yalivuka shamba. Kisha yakafika uani. Juzijuzi nikasikia yameingia ndani mpaka chumbani. Nikajisemea, huo sasa ni uzee, chumvi imezidi mchuzi.

Ningecheka tu yakaisha, lau isingekuwa sheria ya mto.

Mto wetu unakufa. Watu wamelima mpaka ukingoni kabisa, kila mvua kingo zinaporomoka, na mjini mabomba yanatoa tope. Halmashauri ikapitisha kwamba mita thelathini kando ya mto pasiwe na nyumba wala shamba, na kipimo kianzie pale mafuriko yalipowahi kufika. Kumbukumbu za vipimo hatuna, kwa hiyo tunawaamini wazee walioona kwa macho. Mzee anaonyesha mahali, mpimaji anapigilia kigingi, halafu kikao kinathibitisha. Nilishiriki kuiandika sheria hiyo, na hata leo siitukani. Waliokunywa tope kwa miaka nao ni watoto wa watu.

Siku ya ushahidi wa upande wetu wa mto, mpimaji alimuuliza baba maji yalifika wapi. Nilikuwa nimesimama palepale. Baba hakunitazama. Alianzia kwenye mipapai, akapandisha shamba polepole, akavuka ua, akaweka mguu juu ya kizingiti cha mlango wake.

"Hapa," akasema. "Halafu yakaingia."

Mpimaji akapigilia kigingi. Nyumba yetu ndiyo iliyo chini kabisa, majirani wote wako juu kilimani. Kwa hatua zile chache baba alikuwa ameihukumu nyumba yake peke yake.

Jioni nilimwendea na mkate chini ya kwapa na hasira kooni.

"Baba, mdomo umekuponza. Unajua watakuja kubomoa?"

"Niliulizwa, nikajibu."

"Uliulizwa ukweli! Hadithi zako wapelekee wale wa karakana."

Alikata mkate, akanipa kipande kikubwa, kama nilipokuwa mdogo. "Kula kwanza. Mtu mwenye njaa hagombi vizuri."

"Kikao ni Alhamisi. Simama useme umechanganya mambo, basi. Hakuna atakayekushangaa."

"Hakuna," akakubali. Alitafuna muda mrefu, na nikaamini tumeelewana.

Katika halmashauri yetu, mwenye ndugu kwenye jambo hakai mezani wala hasemi. Kwa hiyo Alhamisi ile nilikaa kwenye benchi la mlangoni pamoja na wananchi, midomo nimeibana. Feni ilizunguka kwa kelele bila kutoa upepo. Mwenyekiti, ambaye baiskeli yake ya kwanza ilitengenezwa na baba, alivua miwani akatabasamu.

"Mzee wetu, sisi sote tunakufahamu," akasema, na ukumbi mzima ukacheka. "Leo tupe bila chumvi. Maji yaliishia kwenye mipapai, au sivyo? Sema ndiyo tu, tukuondolee kigingi hicho ukapumzike kwako."

Ilikuwa huruma ya wazi. Karani alikuwa tayari na kalamu. Nikamwashiria baba kwa kichwa: sema ndiyo, sema ndiyo.

Baba akasimama, akavua kofia.

"Mwenyekiti, mipapai niliisema kwa ajili ya mke wangu. Aliniomba maji yasipite pale. Akasema, waambie watu wacheke, mimi siwezi kulisikia lile lingine kila siku. Nikayazuia maji pale mpaka tulipomzika."

Karani akaiweka kalamu chini.

"Tulikuwa na mtoto, wa kiume. Kabla ya huyu." Alinionyesha kwa kofia. "Alikuwa anasimama dede. Maji yalipoingia, mama yake alikuwa na homa, hawezi kusimama. Nikambeba yeye kwanza mpaka kilimani, mtoto nikamwacha juu ya kitanda. Niliporudi, kitanda kilikuwepo."

Mwenyekiti alisema kwa sauti ndogo, "Mzee, si lazima uendelee. Tunaweza kuandika mipapai tu. Hakuna atakayepinga."

"Najua, mwanangu. Na nyumba naipenda, sina nyingine. Lakini mkiandika maji yaliishia kwenye mipapai, mtoto wangu alichukuliwa na nini?"

Mimi nililia palepale kwenye benchi, kwa sauti, afisa mzima. Nilimjua kila kuku aliyepanda juu ya paa lile. Kaka yangu sikumjua. Kwa miezi nilimhesabu baba kuwa mwongo, kumbe ndiyo kwanza alikuwa ameanza kusema kweli, tena kidogokidogo, akipima kama ataweza. Karani akaandika. Kigingi kikabaki kilipo.

Siku ya kubomoa tulihamisha vitu asubuhi, tukavipeleka kwangu mjini. Trekta la halmashauri lilisubiri nje, na dereva, ambaye alikuwa na habari zote, alizima injini bila kuambiwa. Nikaingia kumtafuta baba. Nilimkuta chumbani, amesimama mahali kilipokuwa kitanda.

"Alilala hapa," akasema. "Kichwa huku, upande wa ukuta."

Nikainama nikapagusa. Ilikuwa saruji tu, ya baridi.

"Alizikwa wapi, baba?"

"Hakuonekana. Tulitafuta mpaka mto ukarudi kuwa mto." Alivaa kofia yake, akaivua tena. "Mimi nilitaka tuhame mwaka uleule. Mama yako akakataa katakata. Kila nikimwambia tuhame, anasema, mtoto akirudi atatukuta wapi?"

Nilimshika mkono tukatoka. Tulipofika nje akajitoa mkononi mwangu, akarudi, akaurudishia mlango taratibu, kama mtu aliyeacha mtoto amelala ndani.