Jani la Sale kwa Malika

Tangu afungue duka lake la vifaa vya ujenzi pale Msimbazi, Kasmir hakuwahi kumwambia mteja "sina". Akikosa ulichotaka, anakupa alichonacho, na unaondoka ukishukuru.

Ndivyo ilivyomkuta mzee Nasor wa Ilala, anayekodisha farasi kwa maharusi. Alikuja kutafuta mbao pana za kuzungushia malisho yake Kigamboni. Mbao zilikuwa zimekwisha, basi Kasmir akamuuzia seng'enge ya miiba.

"Marehemu baba alikuwa na ng'ombe wawili kule Rombo," alimwambia. "Kwa seng'enge hii hii, hakuna aliyewahi kutoroka."

Hakutaja kwamba ng'ombe wa Rombo hufungiwa bandani na kuletewa majani. Wale wawili hata huo uzio hawakuwahi kuuona.

Jumamosi iliyofuata, machinga walianza kuvuta meza zao pembeni. Mzee Nasor alikuwa anakuja kwa miguu, kamshika kamba Malika, farasi wake mweupe, mwenye bendeji kifuani.

"Shikamoo, mzee," alisema Kasmir.

"Marahaba. Msalimie na mwenzangu."

Kasmir akamsalimia farasi.

"Lori limepiga honi, kashtuka," alisema Nasor. "Farasi akishtuka anakimbia kwanza, kutazama baadaye. Ubao mpana angeuona. Waya wako hakuuona kabisa, Mangi. Kashonwa nyuzi kumi na moja."

Kasmir aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mzee huyu ndiye aliyekuwa mteja wake wa kwanza, miaka kumi na tisa iliyopita, na kila Idi biriani yake ilifika dukani ikiwa bado ya moto. Aliogopa kumpoteza.

Akaingia uani. Mkewe, Severa, alikuwa amepanda kwenye ndoo mche wa sale kutoka nyumbani Rombo. Akachuma jani moja, akalifunga fundo, akatoka nalo kwa mikono miwili.

"Kwetu, mzee, ukiletewa sale hukatai. Unasamehe."

"Hiyo kwenu. Mimi kwetu Ilala."

Malika akanyoosha shingo, akalichukua jani mikononi mwa Kasmir, akalitafuna na fundo lake.

Nasor alijitahidi kukunja uso, akashindwa. Alicheka mpaka akaegemea mifuko ya saruji.

"Aliyeshonwa ni yeye," alisema akijifuta macho. "Kama kakubali, mimi ni nani?"

Kasmir alifunga duka saa sita mchana, siku ya Jumamosi, jambo ambalo jirani zake walidhani ni msiba. Akatafuta mbao Buguruni, akazipeleka Kigamboni, akang'oa seng'enge yake mwenyewe. Safari hii aliuliza kabla ya kusema, na Nasor akamwelekeza azipigilie kwa upande wa ndani wa nguzo, ili farasi akiegemea asizing'oe.

Alikuwa kwenye ubao wa nne simu ilipoita. Ni Severa, amerudi kutoka sokoni.

"Baba Evelyn, nimekuta duka limefungwa na sale langu limepungua jani," alisema. "Umemuuzia nini mtu wa watu?"