Pedali Inazama, Benita Anangoja

Pedali ilishuka mpaka chini kabisa, kama nimekanyaga muhogo uliolowekwa. Nikavuta freni ya mukono kwa nguvu zangu zote. Jipu ikasimama ikiwa imeshagusa ukuta wa jiko la jirani, udongo ukadondoka, kuku wakatawanyika. Nyuma, kwenye godoro, yaya yangu Benita, dada yangu mukubwa, akalia, na kilio kile hakikuwa cha kuogopa ukuta.

Asani akafungua mulango wangu, akapitisha mukono, akachomoa ufunguo.

"Shuka," akasema.

Asani ni shemeji yangu, bwana wa Benita. Tena ni fundi wa magari, na freni za jipu yangu alizibadilisha yeye mwenyewe jana. Basi mutaelewa kwa nini damu ilinichemka.

"Ufunguo unaupeleka wapi? Si ni bibi yako yule analia?"

"Ndiyo maana nimeutoa."

Tangu asubuhi mama Marguerite, mukunga wa sante, kituo chetu cha afya, alikuwa amemupapasa Benita tumbo, akapapasa tena, kisha akatuambia bila kuzunguka: mutoto amelala kwa kukingama, njia yake ya kutokea hataiona. Lazima mama apasuliwe, na wa kumupasua iko Kasongo. Leo, si kesho. Vijana wa piki walikuja kujitolea, maskini, na Marguerite akawafukuza kama mbuzi kwenye shamba. "Kwa mashimo yale mutanifikishia nani Kasongo? Maiti?" Ikabaki jipu yangu peke yake. Na kati yetu na Kasongo kuna mulima unaoshuka moja kwa moja mpaka kwenye daraja la magogo, daraja lisilo na ukingo huku wala huku. Anayeshuka pale bila freni haendi hospitali, anaenda mutoni.

"Nitashuka na gia ya kwanza," nikasema. "Na freni ya mukono."

"Freni ya mukono hii iliyokupeleka jikoni kwa watu?"

Wallahi, nilitaka kumupiga. Nilikunja ngumi kabisa. Lakini nikaona macho yake yako kwenye godoro kule nyuma, nikaifungua ngumi.

"Basi tengeneza! Unangoja nini?"

"Kuna hewa ndani," akasema. "Hewa inabanwa, mafuta hayasukumi. Panda, kanyaga."

Nikapanda, yeye akalala chini ya gurudumu. Kazi hii watu wote wanaijua. Kanyaga, kanyaga, shikilia! Anafungua visi, ile skurubu ndogo ya kutolea hewa, mafuta yanaruka, anafunga. Achia! Tukafanya gurudumu hili, tukafanya lile, tukazunguka yote. Mafuta yalitoka safi, bila povu hata moja. Nikakanyaga tena. Laini! Nikipiga pedali haraka haraka inapanda na kuwa ngumu, nikiiacha ipumzike inazama tena.

"Mama yangu! Asani, umetoa hewa gani weye?"

Asani alikuwa anaangalia chupa ya mafuta ya freni juani. Yalibaki kidogo chini, na hapa kwetu hakuna duka linaloyauza. Tukimwaga mengine bure, tumekwisha.

Marguerite akatoa kichwa dirishani. "Munafanya nini huko? Uchungu unakaribiana!"

"Tunakuja, mama," nikasema. Uongo mutupu.

Asani akakaa chini, akajipangusa uso kwa kiwiko. Alipoanza kusema, alisema polepole, kama mutu anayejifundisha upya.

"Kanyaga usipige. Bonyeza tu, ushikilie."

Nikabonyeza. Pedali ikazama ikafika pale pake, ikasimama.

"Inaendelea kushuka?"

"Hapana. Imekaa."

"Basi pompi ya juu, ile inayosukuma mafuta, iko muzima." Akapita kwenye magurudumu yote akipapasa kwa vidole, akanusa vidole. "Hakuna panapovuja. Ngoja."

Akachukua koleo lake la kufunga, akalizungushia kitambaa lisikate mipira inayopitisha mafuta, akabana mupira wa freni za nyuma. Nikakanyaga. Laini ile ile. Akaufungua, akabana wa mbele kushoto. Hapo nikasikia tofauti kidogo. Akaomba koleo langu, akabana na wa kuume. Nikakanyaga, na pedali ikanikatalia juu juu, ngumu kama jiwe!

"Asani! Iko hapa! Iko ngumu!"

"Basi ugonjwa uko mbele," akasema. "Kwenye etriye zangu."

Etriye ni zile chuma zinazobana disiki ili gurudumu lisimame. Za zamani zilikuwa zimekwama kwa kutu, ndipo Asani akazitafuta zingine. Alizipata kwenye jipu moja iliyoanguka upande wa Lusangi, mwenyewe akaichoka, akauza chuma chuma. Zilikuwa nzima, hata mimi nilizifurahia. Sasa nilikuwa nimepiga magoti mbele ya ile ya kuume nikiitukana kimoyomoyo, na nikaona kitambaa chekundu kimefungwa juu yake, kimeshalowa mafuta.

Kitambaa hicho ni desturi ya Asani. Akifungua gari lolote, chuma cha upande wa shofere anakifungia kitambaa chekundu, cha upande mwingine anakiacha wazi. Hivyo hachanganyi. Miaka yote hachanganyi, na vijana wote aliowafundisha wanafanya vilevile.

Nikamuuliza, "Ile jipu ya Lusangi, usukani wake ulikuwa upande gani?"

"Kushoto. Kama magari yote ya Kong—"

Akageuka akaangalia usukani wangu. Jipu yangu iliingia kwa njia ya Tanzania. Usukani wake uko kuume.

"Astaghafirullah," akasema Asani.

Akaingiza mukono nyuma ya etriye, akatafuta visi ya kutolea hewa. Ilikuwa chini. Chuma cha kushoto ukikipachika kuume kinaingia vizuri, visi zinakubali, mipira inafika, lakini kinakaa kichwa chini. Hewa inapanda juu, inakaa pale imestarehe, na sisi tunafungua tundu la chini tunamwaga mafuta mazuri. Tungeweza kutoa hewa namna ile mpaka mwaka ukwishe.

"Ni mimi," akasema. "Ni mikono yangu. Tumboni njia ya mutoto wangu imefungwa, na mimi nimemufungia na hii ya pili."

Nikamusukumia spana. "Fungua," nikasema. "Utalia Kasongo. Fungua!"

Tukaacha mipira imebanwa, mafuta yasimwagike, tukainua jipu, tukatoa magurudumu ya mbele. Sijawahi kuona mutu akifungua chuma namna ile. Ngozi ya vidole ilikuwa inabaki kwenye visi na hakuangalia. Chuma cha kushoto kikaenda kuume, cha kuume kikaenda kushoto. Na katikati ya kazi hiyo nikagundua kwamba Benita amenyamaza.

Si kunyamaza kwa mutu aliyelala. Hata kuguna hakuwa anaguna. Asani naye alisikia. Tuliangaliana mara moja, tukaendelea kukaza visi.

Tukatia mafuta yaliyobaki yote. Sasa visi zilikuwa juu, na Asani alipofungua ya kwanza ikatema povu, ikatema, ikakohoa, ikatema tena. Upande wa pili vilevile. Mafuta yakaja safi, chupa ikiwa tupu. Nikaweka muguu kwenye pedali nikiogopa kama naukanyaga moto. Ikashuka kidogo, ikasimama. Nikangoja. Haikuzama.

Asani akanirushia ufunguo.

Tulipitia mashimo polepole, Asani kando yangu, mukono wake juu ya freni ya mukono. Nyuma, Marguerite alikuwa anamwita yaya yangu kwa jina, "Benita, Benita, uniangalie," na Benita hajibu. Nilijaribu pedali kila baada ya muda mufupi, kama mutu anayegusa mufuko kuona kama kitu chake kiko.

Tukafika kwenye mulima. Nikaweka gia ndogo, tukaanza kushuka, na kwenye kona ya katikati tukakutana nao uso kwa uso: vijana wa piki wanaopeleka petroli Salamabila, madumu huku na huku, wamejaza njia yote. Kuume ni ukuta wa udongo. Kushoto ni hewa tupu, na chini kabisa maji.

Sikufikiri. Nikakanyaga.

Jipu ikauma udongo, ikainama pua, ikasimama palepale. Dumu la piki ya kwanza lilikuwa karibu na taa yangu hata kidole hakipiti. Vumbi likatupita.

Halafu nyuma yangu:

"Ayoubu! Mupumbavu weye! Unaendesha gari ao unatwanga mupunga?"

Nilicheka. Nilicheka na machozi yakanitoka, sikuyafuta. "Nitukane tena, yaya," nikasema. "Wallahi, nitukane mpaka Kasongo!"

"Munyamaze nyote!" Marguerite akafoka. Alikuwa ameinama, kipembe chake cha kusikilizia kiko kwenye tumbo la Benita, sikio juu. Vijana wa piki wakazima mashini bila kuambiwa. Asani hakugeuka nyuma. Aliangalia mbele tu, macho yamemutoka, mudomo wake ukisoma dua bila sauti. Marguerite akahamisha kipembe. Akahamisha tena. Mimi nilibaki nimekanyaga pedali kwa uzito wangu wote.

"Moyo wa mutoto unapiga," akasema. "Iko muzima. Musikae hapa!"

Asani akatoa mukono juu ya freni ya mukono, akauweka kwenye magoti yake, ukiwa na damu na mafuta. "Enda, shemeji," akasema. Vijana wakasukuma piki zao ukutani kutupisha, nikaachia pedali, na jipu ikaanza kushuka.