Moshi Mweusi wa Gari la Tomasi

Katika ukoo wetu msichana hatoki kwao kwenda kuolewa mpaka bibi yake amfunge shanga shingoni. Mjukuu wangu Jovitha alikuwa anafunga ndoa Ngara mchana wa siku ile, na mimi bibi yake, shanga zikiwa kifuani, nilikuwa bado Biharamulo mjini, nimekaa ndani ya gari linalokohoa kama mzee mvuta kiko.

Gari ni la mwanangu Tomasi. Tangu tumetoka kwetu Nemba lilikuwa linatoa moshi mweusi nyuma, watu wanaziba pua. Mlimani halivuti kabisa. Jamaa mmoja aliyekuwa anasukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi akatupita, akatupungia mkono!

"Si kitu, mama," Tomasi akasema. "Ni mafuta mabaya."

"Ya leo mabaya, ya wiki iliyopita nayo mabaya? Nipeleke kwa fundi."

Fundi alikuwa Shamimu, binti wa Salum yule muuza nguo. Alitoka chini ya lori, akajifuta mikono.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nina harusi Ngara. Nisipofika, bi harusi hatoki ndani."

"Basi shuka ukae hapa kivulini. Kaka Tomasi, liwashe nilisikie."

Hakukimbilia spana. Alisimama nyuma akautazama moshi, akapitisha tambara kwenye mdomo wa ekzosi. Likatoka na masizi.

"Ungekuwa wa bluu ningesema linaunguza oili," akasema. "Huu mweusi ni petroli isiyoungua ikaisha. Linakunywa sana siku hizi?"

"Kuliko shemeji yangu Anold," Tomasi akajibu.

Akalizima, akafungua plagi. Nyeusi tii, kama sufuria ya msibani. Akanipa moja ninuse, nami nikanusa: petroli tupu.

"Mafuta mengi, hewa kidogo," Shamimu akasema. "Sasa tujue, mafuta ndiyo yamezidi au hewa ndiyo imepungua?"

"Kabureta!" Tomasi akadakia. "Nilijua mimi. Tuing'oe!"

"Tulia, kaka. Tukiing'oa sasa hivi, harusi utasimuliwa."

Akachungulia kabureta, haikuwa inavuja. Akaigusa choki, kile kifuniko cha kubana hewa, inafunguka vizuri. Mkono wake ukaenda kwenye kopo kubwa la juu, lile lenye kichujio cha hewa. Nikamwona Tomasi anasogea.

"Hapo pazima," akasema. "Hapo nimepatengeneza mwenyewe."

Mimi nikafumba macho. Nimemzaa, namjua.

Shamimu akafungua kopo. Ndani, kichujio kilikuwa kimeviringishiwa kipande cha blanketi, kimefungwa kwa kamba ya mgomba vizuri kabisa, na blanketi lote limeshiba vumbi jekundu mpaka limekakamaa. Binti wa watu alicheka hata akakaa juu ya tairi.

"Kaka Tomasi! Umelivisha gari blanketi?"

"Vumbi la huku si unalijua? Mimi ni mtu wa kutengeneza rubisi ya ndizi. Kitu usipokifunika kinaingia uchafu."

"Pombe zenu mimi sizijui. Lakini injini inavuta pumzi. Umeliziba pua, likabaki kunywa tu."

"Na rubisi inafunikwa kwa sababu haipandi mlima," nikamwambia.

"Mama, na wewe!"

Shamimu akakata kamba, akatupa blanketi, akakipuliza kichujio kwa upepo wa mashine, vumbi likatufunika sote. Plagi akazisugua kwa brashi. Tomasi akawasha. Moshi ukatoka mweusi vilevile.

"Bado, fundi," nikasema.

"Subiri bibi, linatema ya zamani. Kanyaga, kaka!"

Tomasi akakanyaga. Moshi ukawa kijivu, ukapungua, ukaisha. Sauti nayo ikatulia kama cherehani.

Hatukuaga vizuri hata. Milima ile gari liliipanda Tomasi akiimba kwaya peke yake, sauti zote nne. Tulipopita njia ya Lukole jua lilikuwa limefika utosini, nami nikamwambia aimbe kidogo, aendeshe zaidi.

Nyumbani kwa binti yangu Restituta, mama yake Jovitha, tulikuta uwanja umejaa. Wakwe walikuwa wamechoka kungoja, mmoja anapiga honi, mwingine anasema bibi hayupo basi afunge shangazi. Na Jovitha, nikasikia sauti yake kutoka chumbani: "Sitoki! Nimesema sitoki!"

Nikasukuma mlango. Alikuwa amekaa kitandani na shela lake, poda imeanza kufanya mifereji. Aliponiona nilivyo mwekundu wa vumbi kuanzia kilemba hadi miguu, akacheka huku analia.

"Bibi, umekuja kwa kutambaa?"

"Inama," nikamwambia.

Akainama. Nje honi ikalia tena. Nikafunga fundo la kwanza, sikulipenda, nikalifungua nikaanza upya, polepole.

"Waache wapige," nikasema. "Bibi yupo."