Fisi Mwenye Tochi Kichwani

Kwenye viwanja vya mbina, kule wanakocheza ngoma za mashindano baada ya mavuno, hakuna mwamuzi mwenye filimbi wala karatasi ya alama. Makundi mawili yanapanga mistari, moja huku na jingine kule, ngoma zinaanza kwa pamoja, na watu wanahukumu kwa miguu yao. Wakikukimbilia, umeshinda. Wakikukimbia, kusanya ngoma zako uende nyumbani. Ndiyo maana kila kundi huficha jambo lake jipya mpaka siku yenyewe, na anayelitoa nje hasamehewi hata na watoto.

Klara hakuwa mchezaji ngoma. Alikuwa muuza fulana, mwaka wa nane sasa, na si fulana za kwenye marobota. Zake alizichora mwenyewe chumbani kwake Nyasubi, pale Kahama. Aliomba picha za eksirei kwa watu waliokwisha kupona, maana mfupa ukishaunga nani anataka kuutazama tena, akazikata kwa wembe umbo alilotaka, akalaza juu ya kitambaa, akagonga rangi kwa sifongo. Bonanza la mpira lilikuwa na fulana yake. Tamasha la muziki Geita lilikuwa na yake. Wachimbaji walipenda ile yenye sululu na maneno "Leo Kipo", wakaivaa mpaka ikachanika, na hicho kinachosemwa kipo hakijaonekana. Mwenzake Kudra, mwanamke wa Kigoma mwenye mdomo wa kumuuzia mchimbaji mchanga wake mwenyewe, ndiye aliyesimama mezani na kuita wateja. Klara anachora, Kudra anauza, na ndivyo walivyokaa miaka yote hiyo bila ugomvi.

Baba yake Klara, mzee Maduhu, alikuwa manju wa kundi la Mbula kwa miaka thelathini na moja. Manju ndiye anayetunga nyimbo, anayetangulia mbele na mgwisho mkononi, na anayetukanwa kundi likishindwa. Sasa miguu ilikuwa imechoka, na siku ya Pasaka wanachama walikaa wakampa mgwisho ule kijana Mwigulu. Mzee aliukabidhi huku anacheka. Alipiga hata vigelegele, yeye mwanamume mzima, watu wakamsifu kwa moyo wake mweupe.

Mwezi wa tano alimwita Klara nyumbani Tinde.

"Njoo uone kitu, ng'wanone," alimwambia. Ng'wanone, mwanangu: akimwita hivyo, Klara alikuwa hana ubishi tena.

Ndani ya banda la mahindi alikuwepo fisi. Ngozi ya ng'ombe juu ya fito, ukubwa wa trekta dogo, watu wawili tumboni, taya linafunguka kwa kamba. Kichwani alikuwa amevaa kofia ngumu ya mchimbaji, na juu ya kofia tochi inayowaka kweli. Klara alicheka mpaka akakaa chini. Usukumani hakuna asiyejua kwamba fisi hupandwa na wachawi usiku. Lakini fisi aliyeachana na wachawi akaenda kutafuta dhahabu, huyo alikuwa hajaonekana bado. Aliona kiwanja kizima kikimkimbilia. Aliona na fulana zake pia, tusidanganyane.

"Nataka siku ya mashindano ya Masumbwe kila wa kwetu amvae kifuani," mzee alisema. "Ila kwanza kiapo."

Alichukua kibuyu cha dawa ya kundi, ile ambayo ukiilamba kisha ukatoa siri tumbo linavimba mpaka unakufa, au ndivyo walivyoamini, na mimi sijakutana na aliyejaribu. Akazunguka nayo. Jilala, mpiga ngoma kubwa, akalamba. Mwigulu akalamba. Mafundi wawili wa ngozi wakalamba. Kibuyu kikafika kwa Klara.

"Baba, mimi ni mwanakwaya," alisema kwa sauti ndogo. "Nimeapa ubatizoni, siwezi kuapa na huku."

Jilala alikunja uso. Lakini mzee Maduhu aliweka kizibo, akamshika bintiye begani mbele ya wote. "Huyu ni damu yangu. Neno lake linatosha."

Klara alirudi Kahama na maneno hayo matatu ya mwisho moyoni. Toka azaliwe baba yake hajawahi kumsifia kitu. Alikuwa amesoma akaacha, ameolewa akaachika, amepanga chumba, amelea mtoto wake Eliya peke yake, na kila alipokwenda Tinde aliulizwa tu kama bado anachorachora. Leo mbele ya wanaume wanne neno lake limetosha! Angekufa kabla hajalivunja.

Alichora mlango ukiwa umefungwa. Mwezi mzima alimzuia hata Kudra, na Kudra hakuficha uchungu wake.

"Mama Eliya, leo nimekuwa mgeni?"

"Vumilia. Utaona siku hiyo hiyo na wengine."

"Haya. Mwenye siri zake mwachie."

Fisi wa kwanza wa eksirei alimharibu. Wembe uliteleza kwenye mkia, ncha ikakatika, ikabaki nundu na pengo kama meno ya mtoto. Alichukua eksirei nyingine akamkata upya, safari hii vizuri. Mzee alipopita Kahama kununua dawa za mgongo aliiona ile mbovu juu ya kabati.

"Hii unaitupa?"

"Imekosewa mkia, baba."

"Nipe nikaitundike nyumbani. Kazi ya mwanangu haitupwi."

Klara aliifunga kwenye gazeti, akamtilia na ndizi mbivu za njiani. Baada ya baba kuondoka alikata herufi moja moja, akagonga fulana ya mia na ishirini na moja, kubwa kuliko zote, isiyouzwa. Mbele fisi, mgongoni MANJU MADUHU. Mgwisho wamempa Mwigulu sawa, lakini jina halichukuliwi na kikao.

Siku ya Masumbwe vumbi lilianza kabla ya jua kuwa kali. Upande wa mashariki walipanga Mbula. Upande wa magharibi walipanga wapinzani wao wa miaka yote, kundi la Limi. Lori la Mbula lilisimama nyuma ya wachezaji, na juu yake kitu kikubwa kimefunikwa turubai. Klara na Kudra walitandika meza kando yake, robota la fulana bado limefungwa. Lingefunguliwa fisi akishatoka, si dakika moja kabla.

Ngoma zikaanza. Mwigulu alitangulia na mgwisho kwa woga, lakini sauti ilikuwepo. Watu walijaa pande zote mbili, wakawa wanakwenda na kurudi. Jilala akatoa ishara ya kuteremsha turubai.

Hapo upande wa Limi kukapigwa kelele moja kubwa, kisha kicheko, kisha watu wakaanza kukimbia. Walikimbia kama wameambiwa kuna duara, shimo la wachimbaji, limetoa dhahabu. Klara alipanda juu ya kiti. Katikati ya Limi, mrefu kuliko watu, alikuwa anakwenda fisi. Taya linafunguka. Kichwani kofia ngumu. Juu ya kofia tochi, inawaka mchana kweupe.

Uwanja wa Mbula ulibaki na wachezaji, mbwa na mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha. Mwigulu aliendelea kuimba beti mbili kwa mazoea, halafu akanyamaza. Watoe fisi wao sasa? Wangeitwa waigaji mpaka kaburini. Turubai lilibaki lilivyo.

"Mama Eliya," Kudra alisema, "mbona kule wamevaa fulana?" Alikuwa mwepesi, akakimbia, akarudi na msichana wa Limi kamshika mkono. Fulana nyeusi, rangi nyeupe, fisi mwenye tochi. Klara hakutazama tochi. Alitazama mkia. Ncha ilikuwa imekatika, na palipokatika palikuwa na nundu na pengo.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, ila hawakusema kwamba nguo yenyewe unaweza ukaichora mwenyewe.

Alimkuta baba yake nyuma ya lori, amekaa juu ya ndoo, anakunywa maji. Hakuwa na sura ya mtu aliyeshindwa.

"Ile eksirei, baba. Umeitundika wapi?"

Mzee alimtazama kidogo, akaweka kikombe chini. Hakujisumbua kudanganya, na hilo lilimuuma Klara kuliko uongo.

"Nilitaka Mwigulu aanze na aibu," alisema. "Miaka thelathini na moja, halafu mnaninyang'anya mgwisho mnampa mtoto niliyemfundisha kutembea! Na fisi wangu amchezee yeye? Mwakani watakuja Tinde kwa magoti wanirudishe."

"Na mimi?"

"Wewe una fulana zako. Wewe si wa ngoma. Nyamaza tu, ng'wanone. Ukisema, wataniua. Ukinyamaza, watakusahau."

Klara alikuwa hajaelewa bado. Alidhani anaombwa kutunza siri nyingine, na Mungu amsamehe, alikuwa karibu akubali, maana baba ni baba. Ndipo walipozunguka lori, Jilala mbele, Mwigulu nyuma yake anatokwa machozi bila kuyafuta, na wachezaji kumi na zaidi.

"Nani ametoa siri yetu?" Jilala alinguruma. "Tulikuwa watu sita bandani. Sisi wanne tumelamba, na matumbo yetu haya hapa. Asiyelamba ni mmoja tu!" Kidole chake kilimwendea Klara. "Mwanakwaya! Na fulana zake zimejaa kule!"

Hapo akaelewa. Ule mkono begani. Neno lake linatosha. Kumbe hakuwa amesifiwa, alikuwa amewekwa akiba. Toka siku ile bandani, kabla hata hajanunua rangi, baba yake alikwisha kumchagua. Klara aliona hasira, na chini yake aliona haya, haya ya kufurahi mwezi mzima kwa neno la uongo.

Alimgeukia mzee, akasubiri. Hata sasa alisubiri.

Mzee Maduhu alitikisa kichwa polepole. "Nilimwamini kwa sababu ni damu yangu," aliwaambia watu. "Nimekosea."

Wanawake wa Mbula walianza kumzomea. Mmoja alitema mate karibu na miguu yake. Kudra alijipenyeza katikati, mikono kiunoni. "Mwenzangu hajatoa siri! Hata mimi niliyekula naye sahani moja sikuijua mpaka leo!" Nani alimsikiliza Mha wa Kigoma kwenye mambo ya Wasukuma.

"Kibuyu kiko wapi?" Klara aliuliza.

Kelele zilipungua. Jilala alikivua shingoni, maana kilisafiri na kundi, akampa kwa mashaka. Klara aling'oa kizibo. Alifikiria padri, alifikiria kwaya, na rozari iliyokuwa mfukoni mwa sketi yake. Akamimina kiganjani, akalamba yote mbele yao. Ilikuwa chungu mpaka machozi yakamtoka.

"Sikumwambia mtu," alisema. "Kama nimesema, tumbo hili livimbe hapa hapa."

Kisha akamshika baba yake mkono na kumkabidhi kibuyu.

"Sasa wewe, baba."

"Mimi ni mwenye dawa," mzee alisema. "Mwenye dawa halambi."

"Ndiyo. Siku ile ulizunguka nayo. Alilamba Jilala, alilamba Mwigulu, walilamba mafundi. Wote tunakumbuka. Tuliobaki ni wawili, baba, si mmoja. Mimi nimeshalamba."

Jilala aligeuka taratibu. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Mwigulu aliacha kulia.

"Lamba tu, baba," Klara alisema, na sauti sasa ilikuwa ya kumbembeleza kweli, maana hata pale, hata pale, kama angelamba angemwamini. "Lamba twende nyumbani."

Mzee Maduhu alikitazama kibuyu alichokichimbia mizizi kwa mikono yake. Yeye ndiye aliyejua kilichomo. Vidole vilifunguka, kibuyu kikaanguka kwenye vumbi na dawa ikamwagika. Hakuna aliyeinama kukiokota. Watu walimpisha njia bila kumgusa wala kumtukana, akapita katikati yao, mzee mfupi, akaelekea barabarani peke yake. Hakumwangalia bintiye.

Wanawake waliomzomea walirudi kwenye ngoma zao wakijifanya wana kazi. Klara alisimama akitema mate machungu. Kudra alimletea maji, akamkalisha kwenye kiti cha meza yao.

"Hizi tunazifanyaje?" Kudra aliuliza baadaye, akionyesha robota. "Kule zimewaishia, wanakuja kuulizia huku."

"Uza. Fisi hana kosa."

Kudra alilifungua, akaanza kuita wateja, na wateja wakaja. Alipofika chini kabisa aliikuta ile kubwa. Aliikunjua, akausoma mgongo wake, akaikunja tena haraka. "Na hii?"

Klara aliipokea. Herufi zilikuwa zimenyooka, hata moja haikuteleza. Aliiweka kwenye kapu lake la sifongo na makopo, na mpaka leo ukienda Nyasubi utaikuta pale mezani kwake, imekakamaa kwa rangi za kila namna. Ndiyo anayofutia mikono akimaliza kazi.