Karai la Mbok Ginem

Asubuhi baada ya kenduri ya kumwombea marehemu mume wa Mbok Ginem, mama jirani yetu, makarai ya majirani yalikuwa yamelundikwa kisimani yakingoja kuoshwa. Wagiran, fundi redio wetu, akachukua moja akidhani ni la mama yake. Akalitoboa katikati, akapitisha bomba la plastiki lililovikwa karatasi ya alumini, akaweka ndani kifaa cha kunasia intaneti. Kisha akalisimamisha juu ya mwanzi, likaelekea Wonosari, mjini, ng'ambo ya vilima. Enzi zile tulijinasia wenyewe.

"Hilo karai langu, Mas," alisema Mbok Ginem akimwita kaka, mikono kiunoni.

"Samahani, Mbok. Nitakuletea jipya."

"Jipya litajua kukaanga? Haya, linanasa?"

"Kuliko yote niliyowahi kutengeneza."

"Basi liache. Nitafutie Lasmini."

Lasmini, bintiye, alikuwa mtumishi wa nyumbani Hong Kong. Bibi aliyemwajiri hakumruhusu kuja kumzika babake; mama alitaka walau aje Idi, wazuru kaburi pamoja. Uso wa Lasmini ulitokea kwenye kompyuta ya Wagiran ukikatikakatika.

"Umekula nini, Nduk, mwanangu?"

"Wali na kuku, Mbok."

Lakini karai lile lilikuwa limekaanga tempe, vile vipande vya soya, tangu kabla Lasmini hajazaliwa, na kila lilichonasa lilikileta na harufu yake. Chumba kilinuka maji ya tambi.

"Huyo si kuku," Wagiran alisema.

"Najua. Nimemzaa mimi."

Kesho yake, baada ya sala ya magharibi, Mbok Ginem alipanda ngazi, akaweka tempe na mboga za nazi karaini. Karai lilikuwa wima, ila chakula hakikuanguka. Kilikwenda. Lasmini alikikuta kwenye sahani yake, na siku za mvua kilifika kimepoa.

Ikawa desturi. Vijana waliokuwa wakipakua nyimbo walingoja mama amalize.

"Mbok, punguza nazi," Wagiran alimwambia. "Mchuzi mzito unachelewesha mtandao."

"Wewe ulikua kwa mchuzi upi, mwepesi?"

Lasmini akaanza kunawiri mashavu. Idi ilipokaribia, mama alimuuliza anafika lini.

"Bibi ameonja, Mbok. Anadhani napika mimi. Pasipoti bado ameifungia kabatini. Anasema mtu anayenenepa hivi hana haja ya kwenda kwao."

Mama aliisogelea kompyuta.

"Pilipili anaiweza?"

"Haiwezi."

"Haya, Nduk. Uswali, kisha ulale."

Siku ya Idi, watu waliporudi kutoka makaburini, Mbok Ginem alipanda ngazi na ketupati, wali uliofungwa kwa majani ya mnazi, na kuku wa nazi, bila pilipili. Wagiran alimshikia ngazi, akawaambia vijana wangoje. Mama aliweka fungu moja karaini, akashuka, akapanda tena na la pili, kwa sababu la kwanza angelila bibi.