Gereveleya za Rusayo

Wana wa muzee Bauma walikata miti yangu yote, wakaichoma makala ya kupikia, wakaiuza Goma. Mimi wakanifukuza shambani.

Nyumba yetu ya Murara, mjini Goma, ilifunikwa na lava ya volkano mwaka 2002. Muzee Bauma, mwenye ardhi kule Rusayo, alinipa mteremko kwa kasigisi: kila mavuno unamletea pombe ya ndizi, unalima maharage na viazi, lakini mti hupandi. Kwetu anayepanda mti anasema ardhi ni yake.

Kila mvua ilikuwa inaondoka na udongo. Mwaka 2004 agronome, mtaalamu wa kilimo wa mradi mmoja, Julien, akatugawia miche: gereveleya za mbao na kuni, kaliandra za kushika udongo na kulisha mbuzi. Mke wangu Wivine aliuliza kama nimemwambia mwenye shamba. Nikamjibu kwamba muzee akiona maharage yanazaa hatalalamika. Tukapanda pembezoni, kwa mstari, kama Julien alivyotuonyesha.

Muzee alipita miaka minne bila kusema kitu. Gereveleya zilipofika unene wa paja, akaja, akazunguka akishika kila shina.

"Papa Aubin, hii ni nini?"

"Ni ya mbuzi, muzee."

"Mbuzi yako inakulaka kwa mustari? Umenipandia mupaka."

Lakini hakuwa na hasira. Aliona udongo umetulia. Akasema nimpe mbuzi jike, tutoke kwenye kasigisi, shamba liwe langu. Nikampa siku ileile. Kilichobaki ni kunywa pamoja mbele ya mashahidi, maana bila wao mbuzi ni zawadi tu. Tukakubaliana kungoja ndizi ziive, tukamue pombe.

Hazijaiva, waasi wakashuka hadi Kibati. Tukakimbilia kambi ya Mugunga. Muzee akafia humo kwa kipindupindu.

Tuliporudi, wanawe walikuwa shambani na mapanga. Nikawaeleza habari ya mbuzi. Yule mkubwa akaniuliza nani alikunywa pombe ya makubaliano hayo. Nikasema baba yao alikubali kwa mdomo wake.

"Basi aamuke, aseme."

Wenzake wakacheka, wakaendelea kukata. Nilikwenda kwa kapita, msimamizi wa kijiji, naye akauliza swali lilelile: nani alikunywa?

Wivine alikaa juu ya mizigo yetu, hakulia.

"Nilikuuliza," alisema.

Siku ya tatu akapanda lori la Butembo na watoto wetu, kwa wazazi wake. Sikumzuia. Sikuwa na mahali pa kumwambia abaki.

Gereveleya mia moja na kumi. Kaliandra zote, waling'oa hadi mizizi. Mizinga miwili ya nyuki niliyoitundika kwenye gereveleya. Mbuzi jike mmoja, mwenye mimba. Mke, na watoto watatu. Na mteremko wenyewe: mvua imeuosha mpaka kwenye jiwe, hata wao hawalimi.