Msalaba wa Wino Mgongoni

Teke la kwanza la pambano lilimpata Ler Htoo mgongoni, juu kidogo ya kiuno, upande wa kushoto, na Mu Wah akajua kosa ni lake. Pale alipopigwa palikuwa na msalaba wa wino mweusi, na aliyeuchora ni yeye, dada mtu.

Mu Wah alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo katika zahanati moja ya mji wa Hpa-An. Wiki sita mfululizo alimpima kaka yake kwa altrasaundi, akichora alama ili kila Jumatatu kifaa kiguse palepale. Tumbo la Ler Htoo lilikuwa gumu kama ubao, na mwenyewe alijua kulionyesha. Lakini kioo cha mashine kilipita tumbo hilo la maonyesho. Kilionyesha msuli wa ndani kabisa, ulioshikana na uti wa mgongo. Wa kushoto ulikuwa umenywea, nusu ya mwenzake, na akiambiwa aukaze hautikisiki.

"Simama kwa mguu wa kushoto tu," alimwambia Jumatatu ile ya mwisho, akahesabu. Kufika nne, kaka mtu kashika meza.

"Sakafu yenu imepinda," Ler Htoo alisema.

"Kaka, msuli huu umelala. Ukipigwa sana hapa, utakuja kutembelea magongo."

"Wewe endelea na picha zako, dada yangu. Mimi nina pambano kesho."

Mu Wah alikasirika hata akamwacha aondoke bila kumfuta wino.

Sasa, ulingoni, Nai Seik, mpinzani wake kutoka Mudon, alikuwa ameshauona. Kocha wake alipaza sauti kushinda ngoma na zumari: "Kwenye msalaba! Mvunje hapohapo kwenye msalaba!" Nai Seik akampasua Ler Htoo nyusi kwa kichwa, maana kwetu kichwa ni halali, damu ikamziba macho, kisha akamzunguka na kupiga teke msalabani. La pili. La tatu. Watu walishangilia kila pigo. Goti likafuata, likaingia palepale, na Ler Htoo akaanguka kifudifudi, akazimia.

Ngumi zetu za mikono mitupu zina huruma ya ajabu: aliyezimia hupewa dakika mbili, wenzake wamwamshe, arudi kupigwa. Mjomba Kler, kocha wa Ler Htoo, alimmwagia maji, akamzaba makofi, akamng'ata sikio. Macho yakafunguka.

"Mjomba, rusha taulo!" Mu Wah alilia kutoka chini.

"Nyamaza! Huoni kaamka?"

"Mguu wa kushoto haukazi! Utazame, mjomba!"

"Mwanamke, kaa mbali na ulingo wangu!"

Neno hilo ndilo lililompa akili. Katika ulingo ule mwanamke hakanyagi. Akikanyaga, umenajisika, na hapapigwi tena ngumi siku hiyo. Mu Wah akashika kamba, akapanda na ndala zake, akasimama katikati, juu ya damu ya kaka yake.

Zumari likakatika. Chupa ikampata begani, nyingine shavuni. Mwamuzi akainua mikono yote miwili: basi, limekwisha.

Ler Htoo alijivuta kwa kamba mpaka akasimama. "Umeniua, Mu Wah," alisema, damu ikimtoka mdomoni. "Mbele ya watu wote hawa, umeniua."

Akaachia kamba, akampiga teke la paja kwa mguu wa kulia. Mu Wah akaanguka chali. Kaka yake alikuwa ameshauinua mguu tena, umening'inia hewani juu ya mbavu zake, unatetemeka kwa hasira. Mu Wah hakuutazama. Alitazama wa kushoto, ule uliobaki chini peke yake, akahesabu kimoyomoyo. Nne. Tano. Sita, bila kushika meza.

"Piga, kaka," alisema, akilia kwa furaha. "Piga tena."